Nani Hulitakasa Jiwe?

Anayetoka Malaba kwenda Tororo mjini hana haja ya kuuliza njia. Mwamba uko mbele yake, mabaki ya volkeno ya kale, kilele chake mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, minara ya mawasiliano ikiwa imepandishwa juu yake. Wageni huukwea kwa ngazi za chuma, hupiga picha, hushuka. Wilaya hiyohiyo huchimba mawe ya chokaa na kuyasaga kuwa saruji. Kwa nini jiwe moja liheshimiwe na jingine lisagwe?

Wajapani wa Futami, mkoani Mie, wamelijibu swali hilo ufukweni. Meoto Iwa ni miamba miwili iliyo baharini, mume na mke, mume akifikia mita 9 hivi na mke 4. Imeunganishwa kwa kamba nene ya mabua ya mpunga yenye uzito unaozidi tani moja. Chumvi na mawimbi huila kamba hiyo, kwa hiyo watu huivua na kufunga mpya mara 3 kwa mwaka: Mei, Septemba na Desemba. Watalii hufuata jua linalochomoza katikati ya miamba. Ibada, hata hivyo, imo katika ile kamba.

Pango la Kakapel, Kaunti ya Busia, halina kamba. Chini ya jabali, ukutani, mna miduara ndani ya miduara, myekundu na myeupe, na ng'ombe waliochorwa baadaye na wafugaji. Waakiolojia walichimba sakafu ya pango hilo, na mwaka 2024 wakatangaza kunde za takriban miaka 2,300. Vizazi vingi vilipika na kuchora hapo. Halafu wakaja watu wa enzi zetu wakakwaruza majina yao juu ya michoro, ikabidi wataalamu waitwe kuyaondoa.

Wapo watakaosema Mungu hakai jiweni. Ni kweli, lakini Yakobo alisimamisha jiwe Betheli akalimiminia mafuta, na mahujaji wa Makka hulibusu Jiwe Jeusi bila kuliabudu. Kuheshimu mahali si shirki. Jiwe hutakaswa na watu wanaorudi kulitunza; wakiacha, hata jina la patakatifu halilindi kitu.

Basi kaunti isiishie kwenye uzio na tiketi. Iwape wakazi wa Kakapel kazi ya kulitunza pango, yenye zamu na malipo. Nawe ukifika, usiuguse ukuta: mafuta ya vidole huharibu rangi.