Kubadili Namba Moja

Likizo iliyopita mjukuu wangu, aliye mwaka wa mwisho wa uhandisi, alikuja kukaa nami hapa Ng'ambo, Tabora. Alikuja na kompyuta na kibao chembamba kisichozidi kiganja. Upande mmoja wa kibao umefunikwa shaba yote. Upande wa pili shaba imebakizwa umbo la mstatili tu. Hiyo, akaniambia, ni antena. Mimi niliyezoea antena za fito za alumini juu ya bati nilidhani ananitania, kama ilivyo haki ya mjukuu kwa babu yake.

Hakuwa akinitania. Antena za namna hii mafundi huziita pachi, nazo zimo hata katika vifaa vya magari vinavyopokea ishara za setilaiti. Pachi huitika pale urefu wake unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi. Yeye alitaka gigahezi 2.45, masafa yanayotumiwa na Wi-Fi. Hewani wimbi hilo lina sentimita 12 na kidogo, lakini likipita ndani ya kibao mwendo wake hupungua na urefu wake pia, hata shaba ya milimita 29 ikatosha. Wimbi litafupika kiasi gani? Hilo hutegemea namba moja ya kibao chenyewe, iitwayo pemitiviti. Kwa kibao cha kawaida cha nyuzi za kioo na gundi, watu wengi huandika 4.4 na kuendelea na kazi.

Kabla ya kukata shaba, antena huchorwa ndani ya kompyuta. Programu huigawanya, pamoja na hewa inayoizunguka, katika vijisanduku maelfu kwa maelfu, kisha hukokotoa umeme na sumaku katika kila kimoja kwa kanuni alizozitangaza James Clerk Maxwell mwaka 1865. Mwishoni huchora mstari wenye bonde. Palipo na bonde ndipo antena inapoipokea nguvu badala ya kuirudisha ilikotoka. Bonde la mjukuu wangu lilikaa kwenye 2.45 barabara. Alipokwenda kuipima antena yenyewe maabara, alilikuta kwenye 2.37. Ni tofauti ndogo kwa macho, lakini pachi ina masikio membamba. Kwa tofauti hiyo huwa karibu kiziwi.

Basi alifanyaje? Aliifuta 4.4 akaandika 4.7, akaiendesha programu upya, na bonde likahamia 2.37.

"Tazama babu, sasa mwigo na kipimo vinalingana. Mchoro huu ndio utakaoingia kwenye ripoti."

"Hiyo 4.7 umeipima wapi?"

"Sijaipima. Lakini inaruhusiwa, vibao hivi hutofautiana kiwanda kwa kiwanda."

Ni kweli hutofautiana. Wala sioni kosa katika kubadili namba. Mji wetu huu unajua habari hizo. Katika miaka ya 1850 wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokuwa pwani, walichora ramani ya bara kwa kusikiliza wasafiri wa misafara. Ikatokea na ziwa moja tu, kubwa mno, kwa sababu kila msafiri alitaja ziwa lake nao wakayaunganisha yote. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857, mfanyabiashara Snay bin Amir aliwaeleza kwamba maziwa ni mbalimbali. Ramani ikabidi ibadilishwe. Lakini hakuna aliyeichukua ramani mpya akasema ndiyo ile ile iliyochorwa pwani. Namba iliyochaguliwa kwa sababu inaleta jibu haiwezi tena kulithibitisha jibu hilo. Ni kama shahidi aliyefundishwa la kusema.

Nilimweleza hayo kwa sauti ya mkuu wa chuo, sauti ambayo kustaafu hakujainiondolea. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole: "Na wewe babu, hujawahi?"

Nimewahi. Mwaka mmoja wa mazoezi ya kufundisha, mvua ilikata barabara na gari la chuo halikuwa na mafuta. Kulikuwa na mwanachuo mmoja katika shule ya mbali. Maandalio yake ya somo yalinifikia, nayo yalikuwa mazuri ajabu: safu ya vitendo vya mwalimu, safu ya vitendo vya wanafunzi, na kila swali limejibiwa. (Katika andalio la somo hakuna mtoto asinziaye.) Nilimpa alama nzuri, nikajaza fomu kana kwamba niliketi nyuma ya darasa lake nikamwona. Miaka mingi baadaye tulikutana sokoni. Alikuwa ameacha ualimu. Alinisalimu kwa heshima zote, akasema: "Mzee, siku zile watoto walinishinda kabisa. Nilikuwa nikikusubiri uje."

"Ulikwenda kuirekebisha ile fomu?" mjukuu akauliza.

Sikwenda. Hilo nalo nilimwambia.

Hakunijibu. Msimamizi wake, alinieleza baadaye, hupenda michoro inayolingana, na muda ulikuwa umebaki mchache. Hata hivyo usiku ule aliirudisha mistari yote miwili kwenye ripoti, wa 4.4 na wa 4.7, na chini yake akaandika kwamba wa pili aliuchora baada ya kupima. Kesho yake akakata kibao kingine kutoka kipande kile kile, safari hii milimita 28. Kama 4.7 ni kweli, bonde litakuwa 2.45. Aliiandika namba hiyo kwenye karatasi pamoja na tarehe, akaikunja, akanikabidhi kabla ya kupanda treni.

Ningali nayo ndani ya daftari langu. Maabara hufunguliwa Jumatatu.