JE, JINA LAKO LIKO KWENYE ORODHA?

Kijana mpendwa, kabla hujaikunja karatasi hii na kuitia mfukoni, nijibu swali moja. Je, umewahi kusimama mbele ya orodha ukitafuta jina lako usilione?

Labda ilikuwa orodha ya timu. Labda ni majina ya waliopita mtihani, ama ya walioitwa kazini. Ukasoma kutoka juu mpaka chini, halafu ukarudi juu tena ukidhani macho yamekosea. Kumbe macho hayakukosea. Wenzako wanarukaruka na kukumbatiana, na wewe unajifanya unafunga kamba ya kiatu ili wasikuone machozi.

Kama umepita hapo, karatasi hii ni yako. Mimi pia nimepita hapo.

NILIKUWA WA TATU

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nane, karo ikakosekana, nikaanza kukimbia. Kwetu Bonde la Ufa, kijana asiye na karo wala shamba ana miguu tu. Niliamka saa kumi na moja alfajiri nikapanda vilima na kushuka, na jioni nikarudia tena. Miaka minne, jua na mvua. Nilipofika miaka 19 nikaitwa kwenye majaribio ya kuchagua timu ya taifa ya vijana, ile ya kwenda ng'ambo kwa mashindano ya dunia. Mama aliuza mtamba wake wa pekee ili nipate viatu vya misumari na nauli ya Nairobi. Majirani wakaniambia, "Ukipanda ndege usitusahau."

Waliotakiwa walikuwa wawili. Mimi nilikuwa wa tatu.

Wa tatu, kijana! Zikibaki mita mia moja nilikuwa wa pili. Nikasikia pumzi ya mtu nyuma ya sikio langu, na kabla sijageuka amenipita. Mpaka leo usiku mwingine naisikia ile pumzi. Wala hakuna mtu aliyenihujumu. Nilishindwa kwa haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa maana sikuwa na wa kumlaumu.

Nilirudi nyumbani na matatu ya usiku ili nisionekane sokoni. Viatu vile nikavitupa chooni. Wiki ya pili nikaonja chang'aa. Mwezi ukiisha sikuweza kulala bila hiyo. Usiku mmoja nilikwenda nikaketi peke yangu kando ya bwawa, nikawaza jambo ambalo sitaki wewe uliwaze. Moyoni nilikuwa nimejiambia: kama mimi si mkimbiaji, basi mimi si kitu.

Mama alinifuata pale na tochi. Hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "We mwanangu, mimi nilizaa mtoto ama nilizaa viatu?"

Sikuwa na jibu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kulipata, na ndilo nataka nikupe leo bure.

HATA WAKUBWA WAMEACHWA

Labda unadhani wanaoachwa ni wanyonge tu. Hapana. Katika Olimpiki nchi moja haipeleki zaidi ya wakimbiaji watatu katika mbio moja. Basi mtu anaweza kuwa wa nne hapa Kenya, awe ana kasi kuliko wakimbiaji wote wa nchi nyingine, na bado aitazame Olimpiki kwa televisheni ya jirani.

Mkumbuke Geoffrey Mutai. Mwezi wa Aprili 2011 alikimbia marathoni ya Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Mpaka siku ile hakuna mwanadamu aliyekuwa amemaliza marathoni kwa kasi hiyo, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa njia ya Boston huteremka na huenda upande mmoja. Novemba akashinda New York. Aprili 2012 akarudi Boston, joto likawa kali, akajiondoa njiani. Timu ya Kenya ya Olimpiki ya London ilipotangazwa, jina lake halikuwamo. Patrick Makau, ambaye wakati ule ndiye aliyeshika rekodi ya dunia, naye akaachwa.

Mkumbuke Eliud Kipchoge. Mwaka wa 2003 kule Paris, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Akapata shaba Athens 2004 na fedha Beijing 2008. Lakini mwaka wa 2012 alijaribu mita 10,000, akakosa. Akajaribu mita 5,000, akakosa. Akageukia mbio za barabarani, na mwaka wa 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza mjini Hamburg. Mengine unayajua. Dhahabu Rio 2016. Dhahabu tena katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanywa 2021.

Sasa ngoja. Najua unangojea nini. Unangojea nikuambie, "Umeona? Okoka, na wewe utapata dhahabu!" Wako wahubiri watakaokuambia hivyo. Mimi sitakudanganya.

Kipchoge alipata barabara nyingine, na tunafurahi naye. Lakini mkumbuke pia Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya. Mwaka wa 1995 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800. Olimpiki ya Atlanta 1996 hakukimbia, kwa kuwa alikuwa amehamia Denmark na mambo ya uraia yalikuwa hayajakamilika. Mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia. Lakini dhahabu ya Olimpiki? Alipata fedha mwaka wa 2000 na shaba mwaka wa 2004. Dhahabu hakuipata kamwe mpaka akastaafu.

Basi wengine hupewa nafasi ya pili na wengine hawapewi. Kama furaha yako yote umeitundika kwenye orodha ile, umeitundika kwenye msumari usioshika ukuta.

NA AMBAYE JINA LAKE LIKO?

Tarehe 8 Oktoba 2023, Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Dunia nzima ikashika kichwa. Jina lake likawekwa katika kikosi cha awali cha Kenya cha Olimpiki ya Paris 2024. Halafu usiku wa tarehe 11 Februari 2024, ajali ya gari karibu na Kaptagat. Akafariki pamoja na kocha wake. Alikuwa na miaka 24.

Mimi si hakimu wa mtu, na mambo ya roho yake ni ya Mungu peke yake. Tulilia na jamaa yake, na mpaka leo tunawaombea. Lakini kijana, jifunze jambo hili: jina lilikuwa kwenye orodha, na mwenye jina hakufika. Orodha ya wanadamu ni karatasi. Ikikuacha haiwezi kukumaliza, na ikikushika haiwezi kukuokoa.

KIJANA ALIYEACHWA KATIKA BIBLIA

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 1. Yuda amekwisha kuanguka, nafasi moja imebaki wazi, na mitume wanatafuta mtu wa kuijaza. Masharti ni magumu: awe alifuatana na Yesu tangu ubatizo wa Yohana mpaka siku alipopaa mbinguni. Watu wawili wakasimamishwa. Mmoja ni Mathiya. Wa pili ni Yusufu aliyeitwa Barsaba, ambaye jina lake lingine ni Yusto.

Wote wawili walikuwa wametimiza masharti yote. Wakapiga kura. Ikamwangukia Mathiya.

Na Barsaba? Biblia haimtaji tena. Aliachwa mbele ya watu kama mia na ishirini, wote wanamtazama! Nilipofundishwa habari hii katika kozi ya Biblia, nilitoka nje ya darasa nikalia, maana nilimwona mtu wa kwetu.

Lakini tazama vizuri. Kura ile ilimnyima Barsaba nafasi ya utume. Je, ilimnyima Yesu? Hapana! Yesu aliyetembea naye jana ni yule yule aliyebaki naye leo. Aliyekosa kiti hakukosa Bwana. Mahali pengine, Luka sura ya 10, wanafunzi wa Yesu walirudi kazini wamejaa furaha kwa ushindi walioupata. Yesu akawaambia wasifurahie ushindi ule, bali wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni.

Kumbe iko orodha nyingine!

ORODHA YA MBINGUNI

Swali ni hili: mtu huandikwaje huko? Sikiliza, maana hapa ndipo wengi hukosea.

Kwanza, hakuna hata mmoja wetu aliyefikisha muda unaotakiwa. Warumi 3:23 inatufundisha kwamba sisi sote tumetenda dhambi na kupungukiwa. Mtu mzuri wa kijijini amepungukiwa. Mlevi amepungukiwa. Mimi niliyeandika karatasi hii nilipungukiwa. Mbio hizo hakuna aliyemaliza, wa kwanza wala wa mwisho.

Pili, Yesu alizimaliza kwa ajili yetu. Na wajua alipitia wapi? Alipitia pale pale ulipopita wewe. Soma Mathayo 27. Pilato aliwawekea watu majina mawili, Baraba na Yesu, wachague mmoja wa kufunguliwa. Wakamchagua Baraba, mhalifu aliyejulikana! Mwana wa Mungu akaachwa. Akapelekwa msalabani, na Baraba akaenda nyumbani mzima.

Baraba huyo ni mimi. Baraba huyo ni wewe. Yesu alikubali kukataliwa ili wewe ukubaliwe.

Tatu, huko hawachukui wawili tu. Hakuna wa akiba. Hakuna hongo kwa mwenye kalamu. Katika Yohana 6:37 Yesu ameahidi kwamba yeyote anayekuja kwake hatamfukuza. Yeyote! Wa tatu, wa saba, na yule ambaye hakuweza hata kuanza.

NILIPATA JIBU LA MAMA

Mimi nilikwenda kwenye mkutano wa Injili sokoni kwa sababu ya vyombo vya muziki, wala si kwa sababu ya Mungu. Nilikuwa nanuka pombe. Mhubiri hakunijua, lakini alisema, "Kuna mtu hapa anadhani Mungu anampima kwa saa ya mkononi." Miguu ile iliyonikosesha Nairobi ndiyo iliyonipeleka mbele siku ile. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikaokoka.

Usiku ule nilimwambia mama, "Ulizaa mtoto." Akacheka, akalia.

Je, baadaye niliingia timu? Hapana. Nilifanya mazoezi tena, nikaenda majaribio ya mwaka uliofuata, na nikawa wa saba. Je, niliumia? Niliumia sana, nisikufiche. Lakini nilipanda matatu ya mchana. Nikashuka sokoni, watu wananiona, nikawasalimia kwa majina. Hiyo ndiyo tofauti, kijana. Yesu hakunipa ndege. Alinipa uso wa kurudi nao nyumbani.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Usijifiche. Kama unawaza kujidhuru, mwambie mtu leo, kabla jua halijatua: mama, mjomba, mwalimu, mchungaji, yeyote unayemwamini. Giza hupenda mtu aliye peke yake.

Usikimbilie sindano wala vidonge ili uongeze kasi. Wengi walitafuta njia ya mkato, wakafungiwa, wakapoteza jina na mali, na wengine afya. Tena usiache mazoezi yako kwa sababu umeokoka. Mungu hachukii riadha. Paulo mwenyewe, katika 1 Wakorintho 9, anatufananisha na wakimbiaji, akisema wao hushindania taji linaloharibika na sisi lisiloharibika. Kimbia! Lakini kimbia kama mtoto ambaye tayari anajulikana nyumbani, si kama yatima anayetafuta wa kumpenda.

Zaidi ya yote, usiende kulala leo bila kujua jina lako liko wapi. Kesho si yako. Omba nami maneno haya, kwa sauti ama kimoyomoyo:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimejipima kwa macho ya watu nikaonekana si kitu. Leo naja kwako kama nilivyo. Asante kwa kukataliwa kwa ajili yangu. Nisamehe, unioshe kwa damu yako, uliandike jina langu katika kitabu cha uzima. Nikishinda uwe Bwana wangu, na nikishindwa uwe Bwana wangu. Amina."

Kama umeomba kwa moyo wako wote, umepokelewa. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu karibu na kwenu, waambie, nao watakushika mkono. Anza kusoma Injili ya Yohana, sura moja kila siku, kabla ya mazoezi ama kabla ya kazi.

Na karatasi hii usiitupe. Kuna kijana unayemjua ambaye jina lake halikusomwa mwaka huu. Huenda sasa hivi yuko ndani, amefunga mlango. Mpelekee leo, tena mchana.

Bwana akubariki.