Hapana ya Nahodha

Asubuhi ya siku ya saba tulikuwa tumetia nanga karibu na Manda Toto, maji yanazidi kupwa, na anko wangu anajaribu kununua kitu ambacho mpaka leo sijui kama kinauzwa.

Yeye ndiye aliyekodi jahazi. Wiki nzima, familia nzima, Lamu hadi Kiwayu na kurudi, pamoja na nahodha, mabaharia wawili na magodoro ya kulalia juu. Mimi nilibebwa tu. Mwandishi wa kujitegemea hana likizo, ana wiki ambazo kazi haijaingia. Na ilikuwa raha, siwezi kudanganya: ngome ya Siyu, samaki wa kuchoma Faza, watoto wakiruka majini kutoka ubavuni mwa chombo.

Shida ilikuwa Mkanda, ule mkondo mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara. Maji yakipwa, chombo kikubwa hukwama kwenye tope. Jana yake nahodha alituomba tupite alasiri, maji yamejaa. Tukamwambia watoto bado wanaogelea. Sasa ndege ilikuwa saa saba na Mkanda haungepitika kabla ya saa nane. Njia nyingine ni kuzunguka Manda kwa nje, bahari kuu. Lakini ilikuwa Agosti, kusi inavuma, na sisi tunaelekea kusini. Tungepiga bisha dhidi ya upepo na watoto wanne ndani.

“Nje hapana,” nahodha akasema.

“Captain, mimi nimelipa.”

“Umelipa, bwana.”

“Basi naongeza elfu ishirini.”

Baharia mdogo aligeuka haraka sana. Nahodha alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hizo pesa nazitaka. Lakini nje siendi.”

Kabla sijaacha chuo nilisoma ile sehemu ya Jamhuri ambapo Plato anaeleza mwenye chombo mwenye nguvu lakini kiziwi kidogo, na mabaharia wanaogombania usukani bila kujua ubaharia. Nilidhani ni habari za siasa. Pale nilimwona anko, na si mtu mbaya, tiketi za watu wanane si mchezo. Lakini kwenye bei ya wiki ile, hapana ya nahodha ilikuwa ndani tayari, kama tanga na maji ya kunywa. Kama elfu ishirini ingeigeuza kuwa ndiyo, basi moja kati ya hayo majibu mawili lingekuwa uongo, na watoto wangepanda juu ya huo uongo.

Ni rahisi kwangu kusema hivyo, najua. Hasara ya ule msimamo haikunigusa mfukoni. Yule baharia mdogo labda alikuwa na kodi ya nyumba, na hakuna aliyemuuliza yeye. Hata sijui kama nahodha alikuwa na haki ya kukataa kwa niaba ya njaa ya mwenzake. Nadhani alikuwa nayo, lakini lile geuko la shingo bado linanisumbua.

Na kuna hili. Mwaka uliopita niliandika tangazo la mashamba, nikaambiwa niseme yako dakika ishirini kutoka mjini. Nilikuwa nimefika pale kwa matatu, saa moja na nusu. Nikakataa. Wakaongeza elfu tatu, nikaandika. Kwa hiyo pale jahazini sikumtetea nahodha kwa neno hata moja. Nilikuwa nakula cha anko, halafu pia bei yangu niliijua.

Ndege ilituacha. Saa nane na kitu tuliingia Mkanda, mikoko ikipita pande zote mbili, mtoto wa mwisho amelala mapajani mwa anko. Lamu gatini akahesabu baki ya malipo kama walivyopatana, bila kuongeza hata shilingi. Mimi nilikuwa na mia tatu kwenye simu. Nikampa nahodha mkono, akauliza kama nimesahau viatu.