Wekundu wa Herufi

Tumezoea kudhani kwamba uongo ni kazi ya ulimi peke yake. Msemaji ndiye anayeshtakiwa. Rangi na umbo la herufi huachwa huru, kana kwamba ni mapambo yasiyosema neno. Dhana hii yafaa kutazamwa upya, na mfano ulio karibu nasi ni majina ya filamu za kutisha.

Katika miaka ya 2000, filamu za video zilizotengenezwa nchini zilienea kutoka Dar es Salaam hadi huku kwetu Songea. Mussa Banzi, aliyetengeneza Nsyuka na Shumileta, ni miongoni mwa walioijenga aina hiyo ya filamu za mizimu na hofu. Majina mengi ya filamu za namna hiyo yaliandikwa kwa herufi nyekundu juu ya weusi, zikichuruzika kama jeraha. Mimi nami nilipata kutoa fedha yangu kwa ajili ya jalada kama hilo. Michirizi ilikuwa mingi, lakini hadithi ilikuwa ugomvi wa urithi sebuleni. Hapakuwa na aliyejikata hata kidole. Niliona nimedanganywa, ingawa sikuwa na sentensi hata moja ya kuinyoshea kidole.

Muuzaji atajitetea kwamba hiyo ni desturi tu. Hakuna mtoto anayemdai bibi ushahidi wa “hapo zamani za kale”. Hoja hiyo ina nguvu, lakini yamrudia mwenyewe, kwa kuwa desturi ndiyo inayoifanya rangi iwe ahadi. Sisi watunzi wa mashairi twalijua jambo hili: ubeti wa kwanza ukishaweka vina, mtunzi amejifunga, na msikilizaji ana haki ya kudai. Jina la filamu ni ubeti wa kwanza.

Tena, si ajabu kwamba rangi zinazotumika ni zile zile. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vilivyo vyake kwa asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine twaziazima kwenye vitu: kijani kwenye majani, kijivu kwenye jivu. Hizo tatu zina mizizi mirefu, na anayezitumia ovyo anachezea jambo zito.

Wala hofu haihitaji wekundu. Alfred Hitchcock alipotengeneza Psycho, iliyotoka mwaka 1960, aliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, na damu iliyoonekana humo ilikuwa sharubati ya chokoleti. Majina ya mwanzo yalisanifiwa na Saul Bass: mistari hupita kwa kasi, na herufi za jina zikakatika na kuachana. Hakuna tone lolote, lakini mtazamaji akajua kwamba kuna akili iliyopasuka. Miaka miwili kabla yake, katika Vertigo, Bass huyo huyo alitumia wekundu uliofunika uso wa mwanamke, kwa sababu filamu yenyewe yahusu jicho na kizunguzungu. Rangi ilitumwa kazi, nayo ikaifanya.

Kwetu Songea jambo hili lina uchungu wa pekee. Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga hapa mashujaa wa Majimaji zaidi ya 60 na kuwafukia katika kaburi moja. Kila mwaka vijana wetu huhudhuria kumbukumbu hiyo. Na jioni yake nimepata kuwaona baadhi yao wamekaa mbele ya kioo chenye herufi zinazovuja damu, wakicheka. Siwalaumu kucheka, maana nami nilicheka nilipokuwa na umri wao. Ninalowauliza walimu ni hili: jicho lililozoezwa kila siku wekundu usiogharimu kitu, laweza bado kuutambua ule uliogharimu roho za watu? Mwanafunzi wangu mmoja wa ushairi alinijibu kwamba laweza, mradi mtu apelekwe kaburini kabla ya sinema. Sina hakika na mpangilio wake, lakini tangu siku hiyo sijanunua tena filamu kwa kutazama jalada.