Manyumba ya zamani ya Lubumbashi: ni urithi wa nani?

Vijana wengi wanaulizaka: juu ya nini tuchunge manyumba ya wakoloni? Ni swali la haki, na haitoshi kujibu kama ni mazuri tu. Ndiyo, ni mazuri. Katedrali ya Petro na Paulo, ya matofali, ya miaka ya 1920. Sinagogi ambalo Raymond Cloquet alichora, likajengwa mwaka 1929 na 1930. Teatre ya Claude Strebelle na wenzake, iliyomalizika 1956, ambayo leo tunaita Jengo la 30 Juni. Lakini uzuri hauondoi matata.

Matata yenyewe ni haya. Mji huu, Élisabethville ya zamani, ulianza 1910 na barabara zilizonyooka, na barabara zile hazikupimwa kwa ajili yetu. Miaka ya 1920 wazungu waliweka eneo tupu katikati yao na sisi, wakisema ni juu ya mbu na malaria. Upande mmoja wao, upande mwingine Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Asubuhi mbu walisahauliwa: bankambo wetu walivuka kwenda kujenga, kupika, kufagia. Jioni warudi kwao.

Sasa nyumba ni ya nani: ya aliyechora ao ya aliyebeba matofali? Wachoraji tunajua majina yao. Wajengaji, nani anaweza kutaja mmoja? Mimi naona sababu ya kuchunga iko hapo. Ukibomoa, humwazibu mkoloni. Yeye alikwisha kwenda zamani. Unafuta kazi ya nkambo wako.

Lakini mwenye vila ya zamani naye ana watoto, na mwenye kutaka kujenga magazini anamletea feza. Kumwambia asiguse ukuta, bila kumsaidia hata mfuko moja wa simenti, ni kumlipisha yeye peke deni letu sote. Hapo sina jibu la rahisi, na wenye kupiga kelele juu ya urithi hawana nalo vilevile.

Tena, tusichunge katikati ya mji tu. Vijumba vya Kamalondo na vya kambi za Union Minière, navyo ni historia. Mule watu walizaliwa, wakaoa, wakalia wafu wao Desemba 1941, wakati wagomaji walipigwa risasi. Wageni wanapiga picha ya katedrali, kiisha wanakwenda. Kule hawafikake.