Jumatano: Wimbo Mmoja, Panga Nyingi

Soma Luka 9:51–56. Yakobo na Yohana walitaka kuwafanyia nini Wasamaria? Kwa nini Yesu aliwakanya?

Mwaka 2012 Nina Paley, mchora katuni wa Marekani, alitoa filamu fupi iitwayo This Land Is Mine, yaani “Nchi Hii ni Yangu.” Wapiganaji wa vizazi mbalimbali wanaigombania Kanaani. Wanaimba kwa zamu kwamba Mungu amewapa nchi hiyo, na kila mwimbaji anauawa na anayefuata. Wauaji wanabadilika, lakini sauti ni ileile tamu, wala haikatiki. Anayemaliza wimbo ni Malaika wa Mauti.

Ni rahisi kuikasirikia filamu kama hiyo. Hata hivyo, Yesu mwenyewe alitangulia kuonya kwamba watakuwapo wauaji watakaodhani wanamtumikia Mungu (Yohana 16:2). Wana wa Zebedayo nao walidhani wanamtetea Bwana. Yeye aliwakanya, akapitia kijiji kingine, akaendelea na safari ya Yerusalemu, mahali ambapo angekufa kwa ajili ya Wasamaria pia.

Je, ni katika ugomvi gani umelitaja jina la Mungu ili wewe ushinde? Utafanya nini juma hili kupatana na mtu huyo?