Moto Kwanza, Mafuta Baadaye

Kaa hapo kwenye tairi, mwanangu, usiegemee meza, ina grisi.

Nimeviona ulivyobeba kwenye buti. Throto nne zinang'aa kama vikombe vya harusi, kontroo boksi bado imo kwenye nailoni yake, na fungu la nyaya nene kama mkia wa punda. Unataka nikufungie Jumamosi, Jumapili uipandishe Lushoto Datsun ya marehemu baba yako. Sitakukemea. Kukemea kunataka pumzi, na zangu nazibania kwa ajili ya ngazi. Nisikilize tu mpaka chai iive.

Najua kwa nini baba yako aliipenda 160J. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mwaka 1979 na 1980 akiendesha 160J, halafu akarudia 1981 na 1982 na Violet GT, na kila mwenye masikio pwani hii alikuwa redioni. Injini yenyewe si ya maajabu: ujazo wa sisi 1,595, bloku la chuma, kichwa cha aluminiamu, kemu inazungushwa na cheni. Sifa yake ni uvumilivu. Imekunywa petroli chafu, imekosa oili, imeshikwa na mafundi wasiojua, mimi nikiwemo nilipokuwa na umri wako.

Hiyo kabureta unayotaka kuitupa nayo ni mvumilivu. Ikichakaa inakufichia aibu: sailensa inayumba kidogo, unachoma mafuta zaidi kidogo, lakini unafika. Kontroo boksi haifichi kitu wala haikisii kitu. Ndani yake mna jedwali. Upande mmoja ni mizunguko ya injini, upande mwingine ni mzigo, na kila chumba kina namba inayosema nozeli ya kunyunyizia petroli ifunguke muda gani. Jedwali la pili linapanga plagi ipige lini. Nani ameandika namba hizo? Zilizokuja na boksi ni za kuwashia injini tu. Zilizobaki ni kazi yako, chumba kwa chumba, ukiwa na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi na mtu wa kukuendeshea. Usisome kompyuta huku umeshika usukani, mwanangu. Barabara ya Segera ina malori.

Sasa huo mzigo unapimwaje? Gari la kawaida lina throto moja, na nyuma yake mvuto wa hewa unakusanyika vizuri, sensa inausoma. Ukiweka throto nne, kila silinda inapumua kwa pua yake. Mvuto unarukaruka, na ukikanyaga robo tu tayari hewa ya ndani inakaribia kufanana na ya nje. Sensa haina la kusoma. Ndiyo maana wengi wanaiambia kontroo boksi isome pembe ya vipepeo vya throto badala ya mvuto. Njia nzuri, injini inaitika mguu upesi. Lakini pembe ya kipepeo haijui mlima. Utaandika jedwali lako hapa Tanga, usawa wa bahari, kila kitu sawasawa. Kisha utakata kona Mombo uanze kupanda, kilomita 30 na ushei za kupinda, mpaka karibu mita 1,400. Huko hewa imepungua kama asilimia 15, na nozeli zako zinamwaga kile kile cha Tanga. Utafika Soni gari linatoa moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, na utanipigia simu usiku. Weka sensa ya pili iliyo wazi, isome hewa ya nje tu. Bei yake ni ndogo kuliko mafuta ya kuja kukuvuta.

Nikuambie jambo ambalo baba yako alilijua na hakulisema. Kuna gari la mteja nililiua kwenye barabara hiyo hiyo. Nilikuwa nimelifungia nozeli, linaimba. Tangi lilikuwa robo. Kabureta ina kibakuli chenye boya, na mafuta ya mle yanatosha kuvuka kona moja hata petroli ikikimbilia upande mmoja wa tangi. Nozeli hazina akiba hiyo. Kwenye kona ndefu pampu ilivuta hewa, presha ikaanguka, mchanganyiko ukakonda, na mguu wa mwenye gari uko chini kabisa. Petroli inataka hewa kilo 14.7 kwa kila kilo moja ili iungue yote, na ukikanyaga sana inabidi uiongezee mafuta, ushuke 13 au chini kidogo, ndipo pistoni zisiungue. Ile ilikwenda kinyume. Pistoni ya pili ilitoka na tundu la kupitisha kidole. Nililipa mimi, kwa miezi mingi. Kwa hiyo tangi lako litahitaji kitangi kidogo cha kati cha kutunzia mafuta, au utajifunza kulipa kama mimi.

Na hiyo pampu ya zamani inayosukumwa na kemu haifai tena. Inatoa robo ya ba hivi, nozeli zinataka ba tatu. Mipira yote ibadilishwe, hata ule unaoonekana mzima, kwa sababu kwenye injini hii hewa inaingia na moshi unatoka upande mmoja wa kichwa. Mafuta yako yatakuwa juu ya ekzosi yenye moto. Mpira ukipasuka kwa presha hiyo, sitakuwa na ushauri wa kukupa, nitakuwa na mchanga.

Breki, nusura nisahau. Servo inakula mvuto ule ule uliokwisha kuuharibu. Toboa vijia kutoka throto zote nne, vikutane kwenye kikopo kimoja chenye valvu ya kuzuia kurudi. Kupanda Lushoto si kitu, shida ni kuteremka na kanyagio gumu kama jiwe.

Vipepeo vinne lazima vifunguke kwa pamoja. Ipo geji yake. Mimi bado natumia kipande cha hosi sikioni, nasikiliza kila mdomo unavyovuta, lakini sikio la kushoto limeanza kunidanganya, kwa hiyo nunua geji.

Unaona sasa kwa nini nasema si Jumamosi moja? Vijana wanafunga vyote siku moja, gari halishiki, na hakuna anayejua kosa liko kwenye moto wa plagi, mafuta au hewa. Wewe anza na moto peke yake. Acha kabureta ilipo. Kwenye puli ya krenki tufunge gurudumu la meno 36 lililong'olewa moja. Kila jino ni nyuzi 10, na lile pengo ndilo linaloiambia kontroo boksi krenki iko wapi. Sensa yake ikae kwenye bati nene lisilotikisika, waya wake uwe wenye kinga, uwe mbali na koili. Athi zote ziende mahali pamoja. Na viungo vya waya vibanwe kwa koleo lake. Nikiona umesokota na kuzungusha selotepu nakukatia pale pale. Tuthibitishe kwa taa ya taiming kwamba boksi ikisema nyuzi 10, krenki nayo inasema 10. Endesha hivyo mwezi mzima. Likimisi, utajua ni moto, maana hujagusa kingine. Halafu tangi na pampu. Throto zije mwisho. Najua ndizo zilizokutoa nyumbani.

Jumamosi njoo, lakini hayo makorokoro yashushe kwa mama yako. Njoo na betri iliyojaa na geji ya kompresheni, yangu imeazimwa tangu Idi na aliyeichukua ananikwepa msikitini. Tutatoa plagi zote nne, utakanyaga mafuta mpaka mwisho, mimi nitasoma. Silinda ya tatu ilikuwa inatoa moshi wa bluu asubuhi, miaka miwili kabla baba yako hajafariki. Alisema ataishughulikia baada ya mvua.